Huyu Si Yule

Jumapili, 12 Mei 2013

Chupa sita zimechemshwa. Nguo za Ifa zimepigwa pasi. Sakafu nimeipiga deki mara mbili, maana upepo wa jana umeingiza mchanga mpaka kwenye droo ya vijiko. Madam kazini. Sir yuko Abu Dhabi kwenye mradi wake, harudi mpaka Alhamisi. Huku upande wa makazi wa Dubai Investments Park mchana hapiti mtu, ila mabasi ya wafanyakazi yakielekea viwandani.

Kesho anakuja mama yake Sir kutoka Ireland. Atakaa mpaka Agosti. Madam anasema ni mama wa shamba, ng'ombe na mvua maisha yake yote, ana imani zake, nisimjali. Nani hana imani zake. Nimemtandikia chumba cha chini.

Ifa leo tena hakugeuka. Alinipa mgongo, anachezea kifuniko cha sufuria, nikamwita mara tatu. Februari ilikuwa ukigusa tu kitasa cha mlango anakuja mbio anatambaa, mate yanamdondoka. Sasa ana mwaka na mwezi. Nilimpokea akiwa na siku nne. Jina lake huandikwa kwa herufi zisizo na mpango, Madam akanifundisha kulitamka Ifa, nami naandika Ifa.

Sitaki kufikiria zaidi leo. Mgongo unauma.

Jumanne, 14 Mei

Bibi amefika jana. Mfupi, mwekundu kwa joto, viatu vya kamba mpaka kifundoni. Jina lake Nora, lakini humu ndani wote wanamwita Bibi kwa lugha yao, nami ni hivyo hivyo. Jina langu limemshinda. Mwanaisha limekuwa Isha. Sawa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kumbeba mtoto, akamsifu uzuri wake, akasema "Mungu ambariki", kisha akamtemea mate kidogo kwenye paji la uso. Madam akaruka na tishu za dawa. Mie nikageukia sinki kuficha kicheko. Kwetu Msambweni nyanya yangu angefanya hivyo hivyo. Ukimsifu mtoto wa watu bila kusema mashallah, umemtia kijicho. Wallahi nilimpenda yule mama papo hapo.

Halafu akamtazama mtoto kwa muda mrefu. Akamwita. Ifa akaendelea kuangalia feni. Bibi akasema Krismasi, walipokwenda kwake, mtoto huyu alikuwa akisikia tu sauti yake anageuka kumvuta miwani. Madam akasema ni joto, amechoka. Bibi akaendelea kumtazama mtoto. Chakula cha jioni hakukigusa.

Ijumaa, 17 Mei

Siku yangu. Basi, metro, basi. Saa mbili nzima kufika International City kwa binamu yangu Riziki. Chumba kimoja, wanawake sita, vitanda vya juu na chini. Lakini wali wa nazi upo, na Kiswahili kipo cha kila namna, cha Mombasa, cha Tanga, cha Kampala, kila mmoja anamsahihisha mwenzake. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Nilihitaji.

Nikawasimulia habari za Bibi na mate yake. Riziki akasema, "Kumbe wazungu nao wana kijicho? Mie nilidhani wana bima." Hapo tukalala chini kwa kicheko.

Baadaye ananisuka, akaniuliza kama Ifa wangu ashaanza kusema. Nikamwambia watoto hawafanani. Riziki ananijua. Akaendelea na nywele. Kuna jambo la mwezi wa tatu sijamwambia mtu, hata yeye. Hata humu sijaliandika.

Jumatano, 22 Mei

Bibi hawezi kukaa bure. Anamenya viazi nami jikoni huku anasimulia. Kiingereza chake kigumu, kama ana kokoto mdomoni, ila nimeanza kukizoea. Kwao wapo wasioonekana. Wanakaa chini ya vilima vya duara, na kwenye ule mti wa miiba unaosimama peke yake katikati ya shamba. Mti huo haukatwi. Aliyeukata hukatika yeye. Na hao hawatajwi kwa jina. Yeye huwaita watu wema. Si kwamba ni wema. Ni wasije wakasikia wakakasirika.

Nikaweka kisu chini. Nikamwambia hata sisi hatuwataji, tunasema wenyewe. Alifurahi kama amekutana na mtu wa kijijini kwao. Tukashindana hapo mpaka viazi vikageuka rangi. Maji ya moto humwagi nje bila kuwaonya. Chuma wanakiogopa. Nyumba ukiijenga kwenye njia yao haikai watu kwa amani. Yote anayo, yote ninayo. Sijacheka hivi na mtu wa nyumba hii miaka mitatu.

Kisha akatazama nje dirishani akaniuliza kile kisiki cha uani ni cha nini. Nikamwambia ukweli. Ni ghaf, mti wa huku, ulikuwa hapo kabla ya nyumba. Sir aliukatisha Februari apate pa kuweka jiko la kuchomea nyama. Bibi akakiacha kiazi. Akauliza mtoto alianza kubadilika lini.

Nikasema Machi.

Nilijua ninachofanya? Nusu nilijua.

Alhamisi, 30 Mei

Basi niandike. Hakuna asomaye Kiswahili nyumba hii.

Mwezi wa tatu, siku ya Jumatatu, Madam yuko kazini. Ifa alikuwa na homa tangu asubuhi. Saa nne akakakamaa. Macho juu, povu mdomoni, mikono inapigapiga. Degedege. Nilijua hata kabla sijamfikia. Simu ilikuwa mezani. Sikuigusa.

Kwetu mtoto wa degedege hachomwi sindano. Amepitiwa na nyuni, ndege asiyeonekana, na sindano ndiyo humalizia. Najua madaktari wanavyosema. Nimesoma mpaka darasa la nane, si mjinga. Lakini Mwanakombo wangu alikuwa na miaka miwili, tukamkimbiza hospitali, wakamchoma, akafa mikononi mwangu kabla ya adhuhuri. Mama mkwe akasimama mlangoni mwa wodi, mbele za watu, akaniambia, "Umemuua mwenyewe." Ni miaka minane. Nikila nayasikia, nikioga nayasikia.

Kwa hivyo Ifa nilimfunika nguo nyeusi, nikamfukizia mvuje ninaouweka sandukuni, nikamsomea ninayoyajua. Ilichukua muda. Sikutazama saa. Ikamwachia, akalala. Nikafungua madirisha yote harufu itoke. Madam aliporudi nikamwambia ana homa. Homa tu. Kesho yake akampeleka kliniki, wakampa dawa ya koo, na baada ya wiki akapoa.

Nilijiona nimemwokoa. Nilimwambia Mwanakombo moyoni, huyu nimemuweza, mama.

Tangu siku ile hageuki akiitwa.

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimedondosha kifuniko cha sufuria nyuma yake, makusudi. Bibi aliruka kule sebuleni. Ifa hata kope hazikucheza. Nikavua ndala, nikapita mbele yake kimya kimya, akaninyooshea mikono anacheka. Hasikii. Si joto, si ukaidi. Hasikii, khalas.

Nilipanga kumwambia Madam. Maneno niliyaweka sawa nikiosha vyombo. Akaingia amechoka, uso umemsawajika, akakaa na laptop. Akauliza Ifa amekula? Nikasema amekula vizuri. Ukisema hasikii utaulizwa tangu lini. Ukisema tangu lini utaulizwa kulitokea nini.

Mwoga mie. Wala sitafuti neno jingine.

Ijumaa, 7 Juni

Sikwenda kwa Riziki. Bibi aliniomba nikae naye, Madam na Sir wamealikwa chakula.

Tulikuwa tunakunja nguo. Akaniambia waziwazi, "Huyu si yule." Watu wema walikatiwa mti wao, wakamchukua mtoto wa nyumba, wakaacha wa kwao. Sura ni ile ile. Ila wa kwao haitikii akiitwa, hulia sana, hula asinenepe, hukutazama tu. Anazikumbuka nyumba mbili za kijijini kwao zilizofikwa na hayo. Aliongea bila kutetemeka, kama anayesema bei ya viazi.

Akaniuliza kwetu je.

Hapo ndipo pa kunyamaza. Sikunyamaza. Nilimwambia hata kwetu wapo waliobadilishwa. Wenyewe hutwaa wa watu wakaweka wao, na mtoto akigeuka ghafula baada ya homa, wazee husema ndivyo. Nikaongeza na mengine niliyoyatunga pale pale, hata nyanya yangu asingeyatambua. Kila nilichosema nilihisi mzigo unanitoka begani unahamia kwao. Kama ni wao, si mimi. Nililala vizuri mchana ule kwa mara ya kwanza tangu Machi. Sasa naandika najichukia.

Jumamosi, 15 Juni

Nikitandika kitanda cha Ifa nimekuta kibanio kile kirefu cha nyama choma chini ya godoro. Chuma. Nimekiacha. Kwetu huwekwa mkasi chini ya mto wa mtoto, tofauti iko wapi. Koti la sufu la Sir lilikuwa limemfunika mtoto, joto lote hili. Hilo nimeliondoa.

Jioni Madam naye akakiona kibanio. Wakagombana chumbani, mlango umefungwa, lakini kuta za nyumba hizi ni za karatasi. Sir anasema mama yake ni mzee, ni mambo ya shamba tu, hayamuumizi mtu. Madam anasema ameolewa kwenye nyumba ya waganga. Bibi alikuwa jikoni anasikia kila neno. Nikamwekea chai. Akanishika mkono. "Wewe unajua," akasema. "Ni wewe na mimi tu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamwongezea maziwa.

Jumanne, 18 Juni

Asubuhi Madam alipotoka tu, Bibi akavunja mayai sita akayamwaga kwenye sinki. Roho iliniuma, mayai mazima. Akayaosha maganda, akayapanga kwenye sufuria pana juu ya jiko, akatia maji na majani ya chai ndani ya kila ganda, kijiko baada ya kijiko. Ifa yuko kwenye kiti chake cha juu anatazama. Nikauliza tunapika nini. Bibi akaweka kidole mdomoni.

Alinieleza baadaye. Yule wa kubadilishwa si mtoto. Ni mzee wa miaka mamia aliyejificha ndani ya mwili mdogo. Akiona upuuzi kama huu, chai ya watu wazima ndani ya maganda ya mayai, hushindwa kujizuia. Atacheka au atasema neno. Hapo umemjua.

Maji yakachemka. Maganda yakaanza kurukaruka na kugongana. Ifa akacheka. Alicheka kwa sauti, akapiga meza kwa mikono miwili, akanitazama kama anataka nami nione.

Mtoto gani asingecheka. Mie mwenyewe nilikuwa karibu. Lakini Bibi aligeuka mweupe, akakaa chini, akalia bila sauti. Anamlilia mjukuu wake aliyechukuliwa. Na mjukuu yuko mbele yake, anapiga meza.

Nikamwambia, Bibi, pengine ni masikio. Pengine hasikii tu. Ilinitoka. Akanitazama kwa huruma. "Mbona wewe mwenyewe ndiye uliyeniambia," akasema.

Jumatano, 19 Juni

Nimemuuliza Bibi kama kwa mchezo, huyo wa kubadilishwa hurudishwaje.

Alikuwa anafuma sweta, sweta Dubai mwezi wa sita. Akajibu bila kuinua macho. Zamani alilazwa juu ya beleshi, nje, pale pale walipokosewa wenyewe, akaachwa alie. Mama yake wa kweli akisikia mwanawe analia huja mbio kumtwaa, na wa watu humrudisha. Sharti watu wa nyumba wasitoke, wala wasimtazame. Ukimwonea huruma yule, wako umemkosa. Nikasema kwao si kuna baridi na mvua. Akasema ndiyo, wengine walikufa. "Hao walikuwa wa kwao," akasema, "si wetu."

Nje mchana huu huwezi kushika kitasa cha gari. Nimezunguka na maneno yale siku nzima. Kesho namwambia Madam.

Alhamisi, 20 Juni

Sikumwambia. Sir amerudi, wageni kumi na mmoja, nyama choma. Nimetumikia mpaka miguu imevimba.

Ijumaa, 21 Juni

Nimemwambia Riziki. Yote, tangu nguo nyeusi mpaka maganda ya mayai. Nje kwenye ngazi, wenzake wasisikie. Alishika tama. Nilitaka anikaripie. Akasema ninyamaze. Yaliyopita yamepita, masikio hayatarudi kwa mimi kusema, na nikisema nitarudishwa nyumbani na jina baya, nyumba nyingine hainichukui. Kama yule mama ni wazimu, ni mama yao.

Mficha maradhi kifo kitamuumbua, ndivyo tulivyofundishwa sote wawili chini ya paa moja. Riziki amesahau, au anajifanya. Nilirudi na basi la saa kumi na moja sina raha.

Jumapili, 23 Juni

Nimejaribu. Nilimfuata Madam anavaa viatu, nikasema, "Madam, kuhusu masikio ya Ifa." Akasema kliniki walimwambia watoto wengine huchelewa, si sasa, Isha, tafadhali. Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Na yeye anajua kuna kitu, anakiogopa. Nikasema yes, Madam.

Niliona afueni. Hiyo ndiyo aibu yangu, niliona afueni.

Mlango wa kioo wa uani nimeanza kuufunga kwa ufunguo, ufunguo nakaa nao mfukoni. Bibi ameniona.

Jumanne, 25 Juni

Niandike kwa mpango.

Saa saba kasoro mchana Bibi aliniambia maziwa yamekwisha. Ifa amelala. Duka ni dakika saba kwa miguu. Nikapapasa mfukoni, ufunguo wa uani upo. Nikaenda. Mlango wa mbele sikuufikiria kabisa.

Dukani palikuwa na foleni. Niliporudi, Bibi amesimama sebuleni ameupa mgongo mlango wa kioo, macho amefumba, rozari mkononi, midomo inakwenda. Kitanda cha Ifa kitupu. Nikajua.

Alimtoa kwa mlango wa mbele akazunguka naye nyumba. Alimweka juu ya kisiki. Pengine alianguka, maana nilimwona kupitia kioo amelala ubavu chini kwenye vigae, nepi peke yake, halii. Nikachomoa ufunguo. Bibi akanishika mkono wa nguo. "Bado kidogo," akasema. "Anakaribia kuja." Nikamsukuma. Mama wa miaka sabini, nimemsukuma akaangukia kochi. Sijuti.

Nikafungua, nikamwinua Ifa, ngozi yake kama sufuria iliyotoka motoni. Viganja vyekundu. Nikamtia kwenye maji ya bafuni, nikamlowesha kichwa, namwita, namwita, kana kwamba kuita kunafaa. Kisha mwili ukakakamaa mikononi mwangu. Macho juu.

Safari hii niliishika simu. Nilitaja nyumba mara tatu kwa Kiingereza changu chote. Walifika upesi. Kijana wa ambulensi akatoa sindano. Nilimnyoosha Ifa mkono mie mwenyewe ili achomwe, nikafumba macho, na aliyekuwa pale ni Mwanakombo, vile vile, na gauni lake la njano. Nikasema bismillah. Wakamchoma. Akalegea. Nilijua amekufa. Yule kijana akaniambia mara mbili kwamba amelala tu, mpaka akanishika bega.

Jumatano, 26 Juni

Hospitali. Yu hai. Mirija miwili. Wanaangalia figo.

Sir amemwambia daktari kwamba mlango wa uani uliachwa wazi, mtoto akatambaa nje. Alisema bila kunitazama. Daktari ndiye aliyenitazama. Nilielewa. Ni mama yake, hamtoi kwa polisi, na mlango huachwa wazi na nani kama si mtumishi.

Sikujitetea. Si la mlango lililokuwa likinila. Kisha daktari, mama wa Kihindi mwenye sauti ya chini, akauliza mtoto alishawahi kupata degedege kabla ya jana. Madam akasema hapana, kamwe.

Nikasema ndiyo.

Nikasimama pale kando ya kitanda nikayatoa yote. Homa, nguo nyeusi, mvuje, madirisha. Kwamba tangu hapo hasikii, na kwamba nimejua kwa hakika wiki tatu. Kwamba Bibi alipotafuta wa kulaumiwa mie ndiye niliyemsaidia kumpata. Kwamba mlango wa uani ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa kwangu, na nani alimtoa mtoto, na kwa nini. Kiingereza kikaniishia, nikaendelea kwa Kiswahili, nikarudi tena nyuma. Sir alitoka nje. Madam hakupiga kelele. Alichukua kalamu akaniuliza ile degedege ya Machi ilichukua dakika ngapi. Nikasema sikutazama saa. Akaliandika hilo.

Jumamosi, 29 Juni

Wamempima masikio, amelazwa usingizi, nyaya kichwani. Kiziwi. Yote mawili.

Daktari anadhani Machi ilikuwa homa ya uti wa mgongo, na dawa ya koo ikaituliza nusu. Kliniki wangeambiwa kuhusu degedege wangempima maji ya mgongo siku ile ile. Pengine masikio yangepona. Alisema pengine. Kuna chombo wanachopandikiza ndani ya sikio, lakini ugonjwa huo ukipita huacha sikio la ndani likigeuka mfupa taratibu, na miezi imekwenda. Watajaribu upande mmoja.

Kila siku niliyonyamaza ilikuwa ikigeuka mfupa. Nimeandika ili nisije nikajidanganya baadaye.

Madam ameniambia nikae mpaka Jumapili ya wiki ijayo, atakapofika dada mpya. Kisha visa yangu itafutwa. Hakunitukana. Heri angenitukana. Alisema tu, "Ulimpenda. Hilo ndilo ninaloshindwa kulielewa." Nilimpikia supu, hakuila.

Jumatatu, 1 Julai

Ifa amerudi nyumbani. Viganja vinambambuka. Madam anafanya kazi mezani karibu na kitanda, ananitazama kila ninapomgusa mtoto. Ana haki.

Sir ameleta watu wakang'oa kisiki.

Alhamisi, 4 Julai

Bibi ameondoka leo. Tangu ile siku amekuwa chumbani mwake, namwekea sinia mlangoni, narudi kuchukua sinia. Hakuna anayeongea naye. Hakuna anayeongea nami. Mara mbili tumekutana koridoni tukapishana kama wapangaji.

Asubuhi akaja jikoni amevaa tayari, na koti, na viatu vyake vya kamba. Nilikuwa nasaga karoti za Ifa. Akaniuliza kwa sauti ya chini, wakimrudisha yule wetu, mie nitamjua?

Nikazima mashine. Nikamwambia, Bibi, hawezi kurudishwa, hakuchukuliwa. Ni huyu huyu. Alipata degedege nikaificha. Aliyemharibu ni mie, si wao. Na mengi niliyokwambia niliyatunga.

Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akanishika shavu kwa kiganja chake kigumu. "Usijilaumu, mwanangu," akasema. "Walikuwa wameshaamua. Hakuna ambacho ungefanya."

Miaka minane nimengoja mtu aniambie hivyo. Mtu yeyote. Na aliyeniambia hakuamini hata neno moja katika niliyomwambia. Nikalia pale mbele ya mashine ya karoti, naye akanipigapiga mgongo, akidhani amenifariji. Sir akapiga honi, Bibi akaenda.

Nikamalizia karoti, nikazipoza, nikapanda juu. Ifa alikuwa ameamka. Amesimama ameshika fito za kitanda, amenipa mgongo, anaangalia dirishani. Nilizunguka mpaka mbele yake, nikangoja anione, ndipo nikamwinua.